Besi inakoroma? Usifungue kwanza

Jamani habari zenu. Wakubwa shikamooni. Nimeombwa niongee kidogo kuhusu hizi kelele za upande wa besi kwenye akordioni, na nikaambiwa nisiongee kama mwalimu, sawa, mi mwenyewe si mwalimu, mi ni mtu aliyeharibu kitu chake kwa mikono yake ndo akajifunza. Kwahiyo naanzia hapo hapo kwenye uharibifu.

Akordioni yangu ya kwanza kubwa, hizi za vitufe 120 upande wa kushoto, ilikuwa na mlio kwenye F. Ukibonyeza F ya besi, zzzzz, kama nyuki amefungiwa kwenye kopo. Ukibonyeza noti nyingine safi kabisa. Nikajiambia hii rahisi, ni ulimi wa F huo, yaani kale kapande ka chuma kembamba kanakotetemeka hewa ikipita na kutoa sauti, nikafungua, nikatoa bloki, kile kipande kinachobeba ndimi, nikauona ulimi mkubwa umekaa pale, nikausafisha, nikauinua kidogo, nikarudisha kila kitu, nikapiga, zzzzz. Nikafungua tena. Jioni mbili nzima zikaisha hivo. Mara ya tatu nikachukua tupa nikapitisha kwenye ncha ya ulimi, kidogo tu, na mnaojua mnajua, ukikwangua ncha sauti inapanda, basi F ikapanda ikawa haielewani tena na wenzake, na ule mlio bado upo, yaani sasa nina nyuki na nina F mbovu. Aliyekuja kunisaidia ni fundi mmoja mzee, hakuja hata na mkoba. Akaweka kiganja chake juu ya wavu wa besi, ule wa bati wa nje wenye matundu, akasema haya piga F. Kimya. Akatoa mkono. Zzzzz. Akarudisha mkono, kimya. Skrubu moja ya wavu ilikuwa imelegea na bati lilikuwa linatetemeka F ikipigwa tu, manake kila bati lina sauti yake inayolishtua. Nusu mzunguko wa bisibisi, kwisha. Nusu mzunguko! Na mi nimeshakula ulimi wa watu.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja na ndo nimekuja nao hapa: kelele ya besi ina anwani, na ile anwani unaipata kwa masikio wakati akordioni bado imefungwa. Ukifungua kabla hujaijua anwani unaingia kwenye mtaa wenye nyumba 120 usiku bila taa.

Sisemi 120 kwa kupamba. Chukua hiyo ya vitufe 120, safu 20 za vitufe sita sita, mtu mgeni akiiona anadhani ndani kuna sauti 120 tofauti. Hakuna. Upande wa besi una noti 12 tu basi, C mpaka B na zile za katikati, vitufe vyote vile vinagawana hizo hizo 12 kupitia vyuma vya ndani. Kila noti inalia kwa seti kadhaa za ndimi, kwenye nyingi za ukubwa huu seti zinakuwa 5, kutoka ile nene ya chini kabisa mpaka ile nyembamba ya juu, na kila bamba, kile kichuma bapa kinachoshika ndimi, lina ndimi mbili, moja inalia ukisukuma mivukuto na nyingine inalia ukivuta. 12 mara 5 mara 2, hesabu mwenyewe. Ndimi 120, na ni bahati tu imelingana na idadi ya vitufe, msije mkachanganya.

Sasa uzuri wa huu mgawano ndo unaotusaidia. Sema kelele iko kwenye C. C unaipata kwenye kitufe chake cha besi, halafu unaipata tena kwenye ile safu iliyo karibu zaidi na mivukuto, kaunta besi, pembeni ya A flati. Bonyeza vyote viwili kwa zamu. Kama kelele ipo kwenye kimoja na kingine hakina, achana na ndimi kabisa, ndimi ni zile zile, hewa inapita tundu lile lile, kilichobadilika ni chuma kilichonyanyua kifuniko cha hilo tundu, kwahiyo shida iko kwenye kitufe chenyewe au kwenye mkono wake. Kama ipo kwenye vyote viwili, sawa, tumeingia kwenye noti. Na hapo unaenda kwenye kodi, si ile ya mapato, kodi za muziki, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja kwa kitufe kimoja, C meja, F meja, A mdogo, zote zina C ndani. Hizi kodi kwenye akordioni nyingi zinalia kwa ndimi za juu tu, zile nene za chini hazimo, lakini kitufe cha besi kinafungua za chini na za juu pamoja. Kwahiyo C ya besi ikikoroma na kodi zote tatu zikiwa safi, mgonjwa yuko kwenye ndimi nene. Kodi zikikoroma nazo basi ni ndimi ndogo ya C huko juu na ile ya besi inasingiziwa. Umeona, bado hatujagusa skrubu na tayari tumeshafukuza zaidi ya nusu ya watuhumiwa. (Kwa taarifa tu, hizo kodi ndo zimeipa hii kitu jina. Cyrill Demian alipochukua hataza yake Vienna mwaka 1829, kifaa chake kidogo kilikuwa kila kitufe kinatoa kodi nzima, jina akordioni likatokea hapo.) Kama una rejista za besi, zile swichi za kubadilisha sauti, zipige moja moja pia, kila rejista inafungia nje seti fulani, kelele ikipotea kwenye rejista moja umejua seti.

Swali linalofuata ni la kusukuma na kuvuta, na hapa nitakaa sana manake ndo watu wengi wanapapita wakikimbia. Kelele ipo ukisukuma tu, ukivuta tu, au pande zote? Ikiwa pande zote mbili, ulimi una uwezekano mdogo, sasa ndimi mbili tofauti ziumwe ugonjwa mmoja siku moja kweli? Inawezekana lakini kwanza tafuta vitu ambavyo ndimi zote mbili zinavigawana, yaani bamba limelegea kwenye nta, kifuniko, bloki, au kitu cha nje kama ule wavu wangu. Ikiwa upande mmoja tu, shukuru Mungu, umebaki na ulimi mmoja na kingozi chake, au kingozi cha mwenzake.

Haya nieleze hivi vingozi vizuri. Kila ulimi umekaa juu ya tundu refu la bamba, na upande wa pili wa tundu lile kuna kipande cha ngozi nyembamba, siku hizi vingine ni plastiki, kimegundishwa mwisho mmoja tu, kinaning'inia kama pazia. Kazi yake ni kuziba tundu la ulimi ambao sio zamu yake, hewa isipotee. Ulimi unaouona kwa nje ukitoa bloki ndo unaolia ukisukuma. Ule wa kuvuta uko ndani kwenye kichumba cha bloki, huuoni, ila kingozi chake kiko nje. Kwahiyo ukifungua utaona pembeni kwa pembeni ulimi wa kusukuma na kingozi cha kuvuta, na ndani kinyume chake. Nimewahi kuona mtu anabadilisha kingozi cha nje kwasababu ya kelele ya kusukuma, akabadilisha vizuri kabisa kwa gundi nzuri, kelele ikabaki vile vile, kwasababu kingozi kinachofunguka ukisukuma ni cha ndani. Cha nje wakati wa kusukuma kazi yake ni kulala na kuziba, na kikishindwa kuziba kinatoa fsss, na noti inachelewa kuanza kwasababu hewa inatokea kwa jirani.

Ndo maana nasema sikiliza ni kelele ya aina gani. Plap, kama mtu anapiga kofi moja dogo mwanzoni mwa noti hasa ukipiga polepole au ukigeuza mivukuto, hiyo ni ngozi. Imejikunja kwa uzee, imekaa wazi, hewa ikija inaifunga kwa kishindo. Zile za ndimi nene ni ndefu na zinalegea haraka, kwahiyo watengenezaji huwa wanaziwekea kijiti cha plastiki au chuma chembamba juu kuzirudisha chini, na hicho kijiti kikihama au kikidondoka, plap. Halafu kuna ile ya prrrrr, mtanisamehe, inafanana na ule mlio ambao mtu hakubali kuwa ni yeye. Hiyo mara nyingi ni ulimi mnene unaocheza sana na kuigonga ngozi yake yenyewe ambayo haifunguki vya kutosha, labda ni ngumu, labda inakwaruza ukuta wa kichumba au inagusa ya jirani. Inaongezeka ukiongeza nguvu ya mivukuto, ukipiga taratibu haipo.

Zzzzz kavu, yenye chuma ndani yake, hiyo ni ulimi unagusa ukingo wa tundu lake au kuna kitu katikati. Nafasi kati ya ulimi na ukingo ni ndogo sana, unywele ni mgeni mkubwa pale. Nimekuta nyuzi za shati, nimekuta chembe ya nta ya zamani imekatika, nimekuta ganda la kutu. Uchafu mdogo hata ulimi unaweza usitoe sauti kabisa, unapiga kimya, au unatoa fss halafu unashtuka. Na kuna chakacha, kengele fulani hivi ya bati, ambayo ni ribiti ya ulimi, ile inayoufunga kwenye bamba, imelegea, au kwenye ndimi za chini kabisa ni kile kizito cha shaba au risasi kilichowekwa kwenye ncha ili sauti ishuke, kimeanza kuachia. Hizo mbili mi siziwezi, na sioni aibu, nampelekea mwenye vifaa. Ukigonga ribiti vibaya umeupinda ulimi, na ulimi uliopinda pembeni hauna rafiki.

Na swali la mwisho kabla ya bisibisi ni la kutoka nje kabisa ya ndimi. Piga ile noti huku mtu mwingine anashika shika, wavu, mkanda wa mkono, ile gurudumu ndogo ya kurekebishia mkanda, beji ya jina la kampuni, pini za mivukuto, maiki kama imefungwa ndani. Hata wewe mwenyewe, kuna jamaa yangu mmoja alihangaika na kelele iliyokuwa inakuja akivaa na inaondoka akiweka mezani, kumbe ni zipu ya koti lake. Kama huna mtu wa kukusaidia chukua kipande cha mpira mwembamba, mwisho mmoja sikioni, mwingine uutembeze kwenye matundu ya besi kama daktari, utashangaa kelele inavojulikana ilipo kwa sentimita chache. Simu ya kurekodi nayo inasaidia, siyo kwasababu ina masikio kukuzidi, ni kwasababu ukicheza mwenyewe kifua chako kinatetemeka na kichwa kinadanganyika.

Haya, tumeshajua anwani, tufungue sasa. Kabla hujachomoa zile pini zinazofunga boksi la besi kwenye mivukuto, chora alama ya penseli kwenye mivukuto na kwenye boksi la besi, juu ni wapi, chini ni wapi, na pini zipange kwenye kadibodi kwa mpangilio zilivotoka, kila pini na tundu lake. Hizi pini zinafanana ila hazifanani, ya ndefu ukiipeleka kwa fupi unatoboa pembeni, ya nyembamba ukiipeleka kwa pana unapata uvujaji, halafu wiki ijayo utakuja kuniuliza kuhusu kelele mpya ya fsss uliyoitengeneza mwenyewe.

Ukishafungua usikimbilie kutoa bloki. Zishike uzitikise kwanza kwa kidole, bloki iliyolegea kwenye kiti chake ni ugonjwa wa kawaida sana na dalili yake ni kwamba kelele au udhaifu uko kwenye kundi la noti zilizo jirani, sio moja. Na kuna dalili yake nyingine ya ajabu ajabu, unabonyeza C na unasikia kwa mbali sana noti nyingine inaimba naye, dhaifu, kama mtu yuko chumba cha pili. Hiyo ni hewa inapita kutoka kichumba kimoja kwenda kingine chini ya bloki kwasababu haijabana vizuri au ile ngozi ya kuzibia imekaa vibaya. Kaza, sikiliza tena.

Bloki ikitoka, angalia nta. Mabamba mengi yameshikwa kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu wa msonobari, na hii nta inazeeka, inakuwa kama biskuti. Gonga bamba kidogo sana kwa kucha, lililoshika linatoa tik fupi, lililoachia linatoa tik yenye mkia. Tafuta na ufa mwembamba kwenye kona, hata kama unywele, hewa inapita hapo. Bamba lililolegea linachakacha pande zote mbili, kusukuma na kuvuta, ndo ile niliyosema. Kwenye baadhi ya akordioni ndimi za besi hazina nta, zimepigiliwa misumari au skrubu juu ya ngozi, hapo unacheki misumari. Na kwa wale wanaoacha akordioni ndani ya gari juani, nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi joto 60 na kitu tu, na kabla ya kuyeyuka inalainika, mabamba yanateleza yenyewe, ukifungua unakuta ndimi zimelala kama watu wamechoka. Hapo hakuna cha kutafuta kelele tena, hapo ni kazi mpya yote.

Sasa ulimi wenyewe. Uwekee tochi nyuma ya tundu, kwenye chumba chenye giza giza, utaona mstari wa mwanga kila upande. Mistari miwili yenye upana sawa, ulimi uko katikati. Mstari mmoja ukiwa umekatika mahali, hapo ndo unapogusa, au hapo ndo pana uchafu. Chukua fila, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ya unene mdogo, 0.05 mm hivi, ipitishe taratibu kutoka kwenye ribiti kwenda kwenye ncha, usiende kinyume, usiinue ulimi nayo, unafagia tu. Mara nyingi, na nasema mara nyingi kwa uzoefu wangu, inaishia hapo. Unaona kauzi kanatoka unabaki unacheka peke yako.

Kabla hujarudisha kila kitu kuna njia mbili za kuhakikisha. Moja ni kunyonya. Weka mdomo kwenye tundu la kichumba kile chini ya bloki unyonye hewa polepole, hewa inaingia kutoka nje kwenda ndani, sawasawa na kusukuma mivukuto, kwahiyo utasikia ulimi wa nje. Ukipuliza utasikia wa ndani, ila mi sipulizi, pumzi ina maji na maji na chuma ni kutu, wakati wa kunyonya huo unyevu unabaki kwako. Njia ya pili ni kipande chembamba cha karatasi, unakiteleza chini ya ulimi unaomshuku ili usilie, unarudisha bloki, unabana na pini mbili tatu tu, unapiga. Kelele imeisha? Umempata. Bado ipo? Umemsingizia mtu, toa karatasi hamia kwa anayefuata. Ni njia ya polepole na inakera lakini haidanganyi hata mara moja, na ile F yangu ningeiwekea karatasi siku ile tupa ingebaki kwenye droo.

Mafuta. Kuna mtu kila mara anauliza kama anaweza kuweka mafuta kidogo kwenye ndimi. Hapana. Wala ya cherehani, wala yale ya kopo ya kupulizia, hapana. Mafuta yanakamata vumbi, yanaloanisha ngozi, ngozi inagandia bamba, na badala ya kelele moja utakuwa na kwaya.

Upande wa vyuma, yaani ile mashine ya vitufe, nitapita haraka kwasababu ni somo lake lenyewe. Noti inayolia bila kubonyezwa, au inayoendelea baada ya kuachia, angalia kwanza kama kuna kitufe kimezama chini kuliko wenzake, kirudishe kwa kidole, mara nyingi ni chuma kimepinda kidogo kimeng'ang'ania kwa jirani. Kama vitufe vyote viko sawa basi ni kifuniko, kuna kitu kimekaa chini yake au ngozi yake imeumia. Swichi ya rejista iliyoishia njiani nayo inaleta mambo, tundu limefunguka nusu, noti inatoka imebanwa na imeshuka kidogo, mtu anafikiri tyuni imeharibika, kumbe ni kusukuma swichi mpaka mwisho. Ila kuitoa mashine nzima ya besi, hasa zile za zamani ambazo vijiti vinatoka kimoja kimoja, jamani, ni vijiti 120 na kila kimoja kina nafasi yake moja tu duniani. Usianze saa mbili usiku.

Na naomba niwatetee pia, sio kila sauti ni ugonjwa. Ndimi nene ni nzito, zinachukua muda kuamka, kuna kipumzi kidogo kabla ya noti ya chini kabisa na hicho kitakuwepo hata kwenye akordioni iliyotoka kiwandani leo. Ikizidi ndo unacheki ule mwanya kati ya ncha ya ulimi na bamba. Mwanya mkubwa, noti inachelewa na inakula hewa. Mwanya mdogo, ukipiga kwa nguvu inajikaba na kunyamaza, na huo ndo mtego kwasababu ukipiga polepole iko safi, mtu anasema mbona nyumbani ilikuwa nzima. Mafundi wengi wanaangalia kwa macho, mwanya unakaribiana na unene wa ulimi wenyewe, unarekebishwa kwa kuusogeza ulimi kidogo kidogo na kusikiliza kila mara. Na vitufe kugonga gonga kidogo ni kawaida, ni vyuma hivo, hata taipureta inagonga.

Kuna ndugu yangu pale nyuma ameuliza mbona yake inakoroma asubuhi na mchana imepona. Imetoka kwenye baridi hiyo. Ukiingiza chuma cha baridi kwenye chumba chenye joto unyevu unatua juu yake, na ngozi inakuwa ngumu mpaka ipate joto. Iache kwenye boksi lake lililofungwa nusu saa hivi mpaka izoee, usiipige ikiwa baridi, na ukiona kila siku ni hivo hivo basi mahali unapoiweka pana unyevu na kutu inakuja kwa miguu. Ndugu huyo huyo ameuliza inakaaje ikiwa haitumiki. Isimame kwenye vile vimiguu vyake, kama inavokaa ukicheza. Vile vingozi vinatakiwa vining'inie wima, ukiilaza vibaya nusu yake vinakuwa vinaangalia chini miezi na miezi, vinajifunza kukaa wazi, na hapo ndo plap zote zinapozaliwa.

Mama pale mbele ameuliza kuhusu ile sauti ya wo-wo-wo, kama ni ulimi mbovu. Hapana mama, hiyo ni ndimi mbili za noti moja zimeachana kidogo kwenye tyuni, zinasukumana. Zihesabu hizo wo kwa sekunde, zikiwa chache sana labda ni uchafu kwenye ncha ya mmoja umemuongezea uzito akashuka, safisha kwanza. Tupa usiishike. Nakuomba kama mwanao.

Haya, nimeona mmekuja na akordioni zenu na muda wa maneno umeisha. Tuanze na mwenye ile nyeusi iliyokuwa inakoroma kwenye G kabla hatujaanza, njoo hapa mbele. Hiyo bisibisi iache kwenye kiti. Wengine wote naomba kimya kidogo, na wewe uliyevaa bangili nyingi uje uweke kiganja hapa kwenye wavu, ila bangili zitoe kwanza. Sasa G, besi peke yake, vuta, polepole. Polepole zaidi ya hapo.